Sefu ya bunduki nyumbani: ifunge kwenye zege kabla hujaweka silaha ndani (uzi mrefu, someni kwa nafasi)

Fundi wa Kihonda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu kila mtu anapouliza anunue sefu gani kwa ajili ya silaha yake. Leo nimeamua niyaweke yote mahali pamoja. Mimi ni fundi wa chuma hapa Morogoro, nachomelea mageti na madirisha, na kwa miaka kadhaa sasa nafunga sefu majumbani. Namwandikia mtu anayemiliki silaha kihalali, leseni yake iko hai. Asiye na leseni aanzie kituo cha polisi, huku bado hakujamfikia.

Nianze na kilichonifanya nilijali jambo hili.

Mwaka 2014 nilimnunulia mzee wangu sefu. Alikuwa na shotgun ya mitutu miwili, ile ya kukunja, analindia mahindi, maana shamba lake limepakana na pori na nguruwe na nyani walikuwa hawamwachii kitu. Miaka yote bunduki ilikaa nyuma ya kabati la nguo. Nikaona haifai, mtoto ni fundi chuma halafu baba anaficha silaha nyuma ya makoti. Nikaenda dukani nikachukua sefu ndefu ya kijivu, ya kubonyeza namba, inapendeza kwa macho. Kwenye boksi iliandikwa kilo 62. Ilikuja na funguo mbili za dharura na kifuko cha nailoni chenye bolti nne. Siku naipeleka sikuwa na drili ya kutoboa zege, ile niliyokuwa nayo ilikuwa kazini kwa mtu. Nikamwambia mzee, "Wiki ijayo nakuja kuifunga." Wiki ikawa mwezi, mwezi ukaangukia mvua.

Mwezi wa nane tukapata msiba kwa shangazi, nyumba nzima tukaondoka siku mbili. Tuliporudi, nondo za dirisha la jikoni zilikuwa zimetanuliwa kwa jeki ya gari. Chumbani kwa mzee kitanda kilikuwa kitupu, godoro limelazwa sakafuni, na katikati ya godoro kuna bonde lenye umbo la kona ya chuma. Ndipo walipoiangushia sefu isitoe kishindo. Kuanzia pale kulikuwa na mikwaruzo miwili kwenye sakafu, imekwenda sambamba kama reli mpaka mlango wa uani. Kwenye vumbi hakukuwa na unga wa chuma wala kipande cha rangi. Hawakuhangaika hata kidogo kuifungua mle ndani. Jirani alisema aliona kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) imeegeshwa uani saa mbili usiku, akadhani tumetuma vijana waje kuchukua vyombo vya msibani.

Kwenye droo ya meza, zile bolti nne zilikuwamo bado, na kifuko hakijafunguliwa.

Kibaya zaidi, kitabu cha leseni kilikuwa ndani ya sefu hiyohiyo. Mzee alishinda kituoni kutwa nzima akieleza bunduki ambayo namba yake haikumbuki, na hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Haijapatikana mpaka leo. Mzee alifariki 2019. Mimi nikisikia redioni kwamba watu wamevamiwa, kitu cha kwanza kutega sikio ni kama wametaja shotgun.

Ndiyo maana sianzi na aina za sefu. Naanza na sakafu.

Fundi wa Kihonda

Naendelea.

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kijana mmoja sokoni anauweka begani anavuka nao mtaro. Gunia la lumbesa, ambalo linapita kilo 100 bila shida, watu wawili wanalitupa juu ya fuso. Sasa pima mwenyewe: sefu yako ya kilo 60 au 80, ambayo wewe ilikutoa jasho kuingiza ndani, kwa vijana watatu waliokuja kazini ni mzigo wa dakika mbili. Wakishaitoa nje wana usiku mzima, wana pori, wana grainda, na hakuna anayewasikia. Hapo ubora wa kitasa haukusaidii kitu.

Kwa hiyo sefu yoyote chini ya kilo 300 kwangu ni sefu ya kufungwa kwa bolti, na hata iliyozidi hapo ningeifunga. Hili silitungi mimi. Kwenye kiwango cha Ulaya cha sefu, EN 1143-1, sefu ya kusimama yenye uzito chini ya kilo 1,000 lazima itengenezwe na tundu la kuifungia chini. Tani nzima, na bado wanataka bolti.

Nyumba zetu hapa zina faida kubwa ambayo wengi hatuioni: tunakaa juu ya zege. Wenzetu wenye nyumba za mbao wanatafuta pa kushikiza, sisi tunalikanyaga jamvi (lile zege la chini ya sakafu) kila asubuhi. Lakini kuna mambo ya kuangalia.

Jamvi la nyumba nyingi za kawaida ni inchi 3 mpaka 4. Juu yake kuna sakafu ya saruji, halafu marumaru. Bolti inayohesabika ni ile sehemu iliyoshika zege. Ukichukua bolti fupi, ikapita marumaru na ile saruji ya juu, unaweza kukuta imeshika sentimita mbili tu za zege, hiyo ni mapambo. Mimi natumia bolti za kutanuka za milimita 12, urefu kuanzia milimita 100. Natoboa marumaru kwanza taratibu bila kugonga ili isipasuke, nikishaipita ndipo nawasha nyundo ya drili. Tundu nalipuliza mpaka vumbi lote litoke, maana bolti iliyokaa kwenye vumbi inazunguka tu, haibani. Na sitoboi kupita jamvi lote: chini yake kuna nailoni ya kuzuia unyevu, ukiichana unajiletea maji ya ardhini ndani ya sefu.

Halafu kona. Iweke sefu kwenye kona ya kuta mbili, mgongo na ubavu vimegusana na ukuta. Mtarimbo unahitaji nafasi ya kuyumba. Mtu aliyebanwa na ukuta pande mbili hana pa kuuegemeza. Upande wenye nafasi ya kuingiza mtarimbo mlangoni ndio uwe umebanwa zaidi. Ukiweza kuiingiza ndani ya kabati la ukutani lililojengwa kwa tofali, vizuri zaidi, tena haionekani.

Ukuta nao hauaminiki kama sakafu. Tofali la bloku bolti ya kutanuka inalipasua, unaona imekaza leo, kesho inacheza. Kama lazima ufunge ukutani, toboa mpaka ng'ambo, weka bamba la chuma upande wa pili, kaza nati juu ya bamba, kisha piga plasta ifunike. Au tafuta nguzo ya zege.

Bwana Shamba

Mkuu pole sana kwa ya mzee. Hapo kwenye bolti kubaki kwenye kifuko umenishika, maana zangu ziko juu ya friji mwaka wa pili huu. Swali: sefu yenyewe nitajuaje ni chuma cha maana? Dukani zote ni nyeusi, zote zinang'aa, zote muuzaji anasema "hii bomu halitoboi".

Fundi wa Kihonda

Asante mkuu. Zichukue zile bolti uziangalie urefu kwanza, nyingi zinazokuja na sefu ni fupi, unaweza ukalazimika kununua nyingine.

Kuhusu chuma, sote tunajua mabati. Aliyewahi kuezeka anajua geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, yaani namba ikipanda chuma kinapungua. Sefu za nje zinaandikwa hivyohivyo. Geji 14 ni kama milimita 1.9. Geji 12 ni milimita 2.7. Geji 10 ni milimita 3.4. Geji 7 ni milimita 4.6. Ya milimita 2 kwenda chini naiita kabati lenye kitasa. Inamzuia mtoto, inamzuia mgeni mwenye udadisi, lakini mtu mwenye shoka na dakika kumi haimzuii.

Muuzaji atakufungulia mlango akuonyeshe ulivyo mnene, sentimita tano, sita. Usidanganyike na mlango. Mara nyingi ni bati limekunjwa na katikati wamejaza ubao wa jasi. Unene wa mlango si unene wa chuma. Wewe inama, angalia yale matundu ya bolti chini au mgongoni. Pale chuma kiko wazi, hakijakunjwa. Ingiza rula au vanya kalipa, soma. Hakuna kipimo cha kweli kuliko hicho dukani, na nimeona wauzaji wakikasirika ninapokifanya.

Halafu makomeo. Yatoe mlango ukiwa wazi, yashike kwa mkono uyatikise. Yakicheza kama meno ya mzee, achana nayo. Watu wanahesabu makomeo, "hii ina kumi", lakini makomeo kumi yaliyoshikiliwa na kibati cha milimita moja ndani ya mlango yanapinda yote kwa pamoja. Angalia yameshikwa na nini.

Bawaba za nje zisikutishe. Kinachotakiwa ni kwamba upande wa bawaba nako kuna makomeo au mwamba wa chuma unaoingia ndani ya fremu. Hapo hata wakizikata bawaba mlango unabaki palepale. Kama hakuna, hapo ndipo pa kuogopa. Na uulize kama nyuma ya kitasa kuna bamba gumu la kuzuia drili.

Urefu nao, tafadhali. Shotgun ya mtutu wa inchi 28 inakaribia sentimita 115 kuanzia kitako mpaka mdomo. Kuna watu wananunua sefu ya sentimita 100, halafu wanaikunja bunduki kila siku kuiingiza, baada ya mwezi wanachoka, inarudi nyuma ya kabati. Pima silaha yako kwa futi kamba kabla hujatoka nyumbani.

Mbeba Boksi (Ohio, Marekani)

Wakuu salama? Nisaidie kidogo upande wa vibandiko, maana huku maduka ya silaha yamejaa sefu na nimeshanunua mbili.

Ukikuta kibandiko cha UL (shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa) kimeandikwa RSC, maana yake si sefu ya benki. Ni kasha la usalama la nyumbani. Ngazi ya kwanza ya kipimo hicho ni mtu mmoja mwenye vifaa vya mkononi, dakika 5. Ngazi ya pili ni watu wawili, dakika 10, na vifaa vikali zaidi. Na zile dakika wanahesabu muda kifaa kikiwa kazini tu, akipumzika saa inasimama. Ukitaka zaidi ya hapo unaingia kwenye TL-15 na TL-30, yaani dakika 15 na 30 dhidi ya vifaa vya umeme, lakini hizo ni nzito na bei yake ni ya gari.

Jimbo la California lina maelezo yake ya sefu ya bunduki inayokubalika, na mimi huwa nayatumia kama rula hata nikiwa mbali nako: kuta za geji 12 angalau kama ni ukuta mmoja, mlango wa geji 7 au tabaka mbili za geji 12, na makomeo yasiyopungua matatu yenye kipenyo cha nusu inchi. Fundi yeyote wa Gerezani (Dar) au Gikomba (Nairobi) anaweza kulitengeneza hilo.

Na tofautisheni sefu ya moto na sefu ya wizi. Ya moto peke yake ni bati jembamba limejazwa jasi, inalinda karatasi. Mwizi anaichana.

Fundi wa Kihonda

Mbeba Boksi ubarikiwe, hilo la dakika tano ndilo ningependa kila mtu alisome mara mbili. Dakika tano! Sefu unayojivunia imepimwa kwa dakika tano. Kwa hiyo jiulize, baada ya dakika tano nani anakuja kwako? Kama jibu ni hakuna, basi sefu peke yake haitoshi, inahitaji mbwa, king'ora, taa ya nje, jirani mwenye namba yako ya simu. Mnapokwenda msibani mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba hakuna gari linalotakiwa kuonekana kwenye uwanja wangu. Kama jirani yetu angejua hilo, angepiga simu.

Kuhusu kutengenezesha kwa fundi: ndiyo, tunatengeneza. Nimepiga hesabu ya sefu ya sentimita 150 kwa 50 kwa 40. Hiyo inakula bamba la mita za mraba 3.1. Ukitumia bamba la milimita 3 inatoka kama kilo 73, la milimita 6 inafika kilo 146 kabla hujaweka kitasa wala rafu. Mimi ningekushauri milimita 6 mwili mzima, welding ya mfululizo kwenye kona na si ya kudonoa, na mlango uzame ndani ya fremu usibaki umekaa juu yake, ili ncha ya mtarimbo isipate pa kuanzia. Kitasa ndicho tatizo la sefu za kuchomelea. Usiweke kufuli la kuning'inia nje. Nunua kitasa cha sefu chenyewe, kiwe ndani.

Mzee Mstaafu

Vijana, mimi silaha yangu ninayo tangu 1987. Inakaa darini, imefungwa kwenye blanketi. Haijawahi kuguswa. Hizi sefu ndizo zinazowaambia wezi kwamba hapa kuna kitu.

Fundi wa Kihonda

Shikamoo mzee wangu. Naheshimu miaka yako, na kwa sehemu naafikiana nawe: sefu inayoonekana inamwita mwizi. Ndiyo maana nasema iingie kabatini. Lakini mzee, mwizi wa siku hizi dari ndiyo anaanza nayo, maana anajua ndiko tunakoweka vitu. Na blanketi halimzuii mjukuu. Mtoto wa miaka kumi anapanda darini kutafuta mpira, anakutana na blanketi, na hakuna anayejua mpaka kishindo. Pia mzee, sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye leseni aitunze silaha mahali salama. Ikiibiwa ukaulizwa ilikuwa wapi, "darini kwenye blanketi" ni jibu zito kulitamka. Nakuomba sana mzee wangu. Kama uko Morogoro au jirani, nitakuja kukufungia, utanipa nauli tu.

Mama Wawili

Kaka Fundi, mume wangu anamiliki bastola kwa ajili ya biashara. Tumenunua kisefu kidogo cha alama ya kidole. Nina watoto wawili, mmoja mtundu kweli. Je hiki kinatosha? Na ufunguo ule wa akiba niuweke wapi?

Fundi wa Kihonda

Dada, umeuliza swali ambalo akina baba wengi hawalifikirii.

Visefu vidogo vya bei nafuu nina wasiwasi navyo. Vingine ndani vina kipini chepesi ambacho mshtuko unaweza kukirusha. Vingine alama ya kidole inakubali vidole vya watu wengine. Fanya majaribio kabla ya kuweka silaha: kifunge kikiwa kitupu, jaribu vidole vyako wewe, vya dada wa kazi, vya watoto, mara ishirini kila mmoja. Kitikise, kiangushe kwenye godoro. Kikifunguka hata mara moja, rudisha dukani. Pia badilisha namba ya kiwandani siku hiyohiyo, na usome karatasi yote: vingi vina namba mbili, ya mtumiaji na ya msimamizi. Watu wanabadilisha moja, ya pili inabaki ileile iliyochapishwa kwenye kijitabu.

Hata kikifaulu, kifunge. Kisefu cha kilo nane hakiibiwi, kinawekwa kwenye mkoba. Ndani ya droo hakisaidii. Kifungie ndani ya sefu kubwa au kwenye zege.

Ufunguo wa akiba: usiwe mahali popote ndani ya chumba kilekile. Si kwenye sanduku la vito, si juu ya kabati, si chini ya zulia, si kwenye mfuko wa koti la harusi. Ukishakuwa na sefu ya namba, ufunguo wa dharura kauweke nje ya nyumba kabisa, benki kama una huduma hiyo, au kwenye sefu ya ndugu wa damu bila kumwambia unafungua nini.

Nyumbani Hamburg

Hapo kwenye ufunguo nichangie, maana huku Ujerumani liliwahi kufika mahakamani. Mwindaji mmoja alikuwa na sefu nzuri ya silaha. Ufunguo wake akauweka kwenye kisanduku cha chuma cha kilo 40 hivi, cha namba. Akaenda likizo, wezi wakavunja kile kisanduku, wakachukua ufunguo, wakaifungua sefu kwa raha zao. Agosti 2023 mahakama ya juu ya utawala iliyopo Münster ikasema wazi: ufunguo wa sefu ya silaha unapaswa kutunzwa kwenye kasha lenye kiwango kilekile cha usalama na sefu yenyewe. Wengi huku wakaamua kubadili vitasa vya ufunguo na kuweka vya namba, maana vinginevyo unahitaji sefu ya kutunzia ufunguo wa sefu.

Na viwango vyao: tangu tarehe 6 Julai 2017, anayenunua sefu mpya ya silaha lazima iwe angalau daraja 0 la EN 1143-1. Ikiwa chini ya kilo 200, silaha fupi (bastola) zisizidi tano ndani yake; kuanzia kilo 200, mpaka kumi. Uzito wamelifanya suala la sheria.

Fundi wa Kihonda

Mkuu wa Hamburg, hili sikulijua na limenisisimua. Sefu haikuvunjwa. Ilifunguliwa kwa ufunguo wake halali. Nimeshafunga sefu kwenye nyumba ambayo bosi alinionyesha kwa fahari anapouficha ufunguo, mimi fundi, mtu aliyenijua kwa siku moja! Nilimwomba auhamishe nikiwa sijaondoka uani.

Hapo niseme na la mdomo. Sefu inakuja na boksi lenye picha ya sefu. Linapita mtaani juu ya guta mchana kweupe, linapokelewa na vijana wanne wa kubeba, boksi linatupwa nje ya geti wiki nzima. Mtaa mzima umeshajua. Ifunike kwa turubai, ipokeeni jioni, boksi lichome. Fundi mmoja tu, na umjue kwake. Usipige picha ukaweka kwenye status.

Na leseni, jamani. Piga picha kitabu chote na namba ya silaha ilivyogongwa kwenye chuma, nakala moja iwe kwa mtu wa nje ya nyumba. Silaha ikiibiwa unatakiwa kuripoti polisi mara moja, na cha kwanza watakachokuuliza ni namba. Mzee wangu hakuwa nayo.

Tanga Raha

Huku pwani tatizo letu ni kutu. Niliweka gobore la babu (lina kibali) ndani ya sefu, miezi mitatu likawa jekundu.

Fundi wa Kihonda

Sefu imefungwa haipumui, na ile jasi ya ndani inatunza unyevu. Usiweke silaha kwenye ala ya ngozi ndani ya sefu, ngozi inanyonya maji. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki, na weka vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, lakini vikubwa, ubadilishe au uvikaushe kila mwezi. Mpira mwembamba chini ya sefu ili isigusane na sakafu moja kwa moja. Risasi ziweke kwenye kijikasha chake chenye kufuli, humohumo ndani.

Mkulima Laikipia

Jambo, ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Kenya na nyumba yangu ya shambani ni ya mbao, imeinuliwa juu ya mawe. Sina slab. Nifanyeje?

Fundi wa Kihonda

Karibu ndugu. Bolti za kushika mbao pekee usiziamini, watakata ubao kwa msumeno waondoke na sefu pamoja na kipande cha sakafu. Kata sakafu mahali pa sefu, chimba, jenga kitako cha zege kutoka ardhini mpaka usawa wa mbao, kikiwa na nondo ndani, sefu ikae juu yake. Ni kazi ya siku mbili na mifuko michache ya saruji.

Bwana Shamba

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilileta fundi. Tundu la kwanza, sentimita tano tu, drili ikazama. Tukavuta, ikatoka na udongo mwekundu. Jamvi langu ni inchi 2! Nyumba nilinunua imeshajengwa. Nimebaki na tundu na sefu katikati ya chumba.

Fundi wa Kihonda

Mkuu, usisikitike, ni bora umelijua leo. Fanya kama huyo ndugu wa Laikipia. Vunja marumaru na jamvi kipande cha sentimita 60 kwa 60, au kinacholingana na kitako cha sefu yako na ziada kidogo pande zote. Chimba sentimita 30. Tandika nailoni mpya. Suka wavu wa nondo za milimita 12, na ncha zake uzitobolee kwenye kingo za jamvi la zamani ili zishikane. Kisha simamisha bolti nne ndefu zilizopinda miguu chini, zifunge kwenye wavu kwa waya, vichwa vitokeze juu sentimita nne. Kabla ya kumwaga, kata kipande cha plaiwudi, kitoboe matundu kwa kufuata kitako cha sefu, kivishe kwenye zile bolti zisihame. Watu wengi wanaisahau hiyo plaiwudi, zege linakauka na bolti haziingii kwenye matundu, kazi inaanza upya.

Zege liwe moja kwa mbili kwa tatu, saruji, mchanga, kokoto. Mwagilia maji siku saba. Usikaze nati kwa nguvu kabla ya hapo, na uzito wote wa kukaza uusubirie siku 28.

Kwa siku hizo zote silaha isikae ndani ya sefu isiyofungwa. Nenda kituo chako cha polisi uulize kama watakupokelea kuihifadhi kwa muda, uandikishiane nao. Ukimaliza nitumie picha ya kitako kabla sefu haijakaa juu, niangalie hizo nati. Zikishakaa, rudi na spana baada ya mwezi mmoja uzikague tena.